Kihamba Kimoja, Ndugu Wanne: Namna ya Kuendesha Shamba la Kahawa la Familia Bila Kulikata Vipande

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu huua shamba la kahawa la familia kabla ya ugonjwa wowote. Chukua kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, cha kawaida cha Uru au Kibosho kwenye mlima Kilimanjaro, chenye mibuni 300 iliyochanganyika na migomba, na tuseme kila mbuni umetunzwa vizuri kiasi cha kutoa kilo 5 za matunda mekundu kwa msimu. Jumla ni kilo 1,500. Matunda hayo yakimenywa, yakavundikwa, yakaoshwa na kukaushwa, utabaki na takriban kilo 300 za pachimenti, yaani punje kavu zikiwa bado ndani ya ganda lake jembamba, kwa kuwa kilo 5 za matunda hutoa karibu kilo 1 ya pachimenti. Kiwanda cha kukoboa kikiliondoa ganda hilo, kinachobaki ni kilo 240 hivi za kahawa safi, ambazo ni magunia manne ya kilo 60. Sasa baba amefariki, wana wake wanne wamekaa na wazee wa ukoo, na masale yamepandwa kwenye mipaka mipya. Kila mmoja ana gunia moja.

Mtu mwenye gunia moja hanunui mashine ya kumenyea, hajengi vichanja vya kukaushia, hapeleki sampuli kwa waonjaji, na akiugua wiki mbili za Agosti hana msimu. Baada ya miaka michache mmoja anang'oa mibuni apande nyanya, mwingine anampangishia mtu wa mahindi, wa tatu yuko Dar es Salaam na kipande chake kimeota magugu yanayowalea wadudu wa jirani zake, ambao ni ndugu zake wa damu. Nimeona hali hiyo katika vihamba vingi vya majirani, na ilikaribia kuingia kwetu. Mwongozo huu unaeleza njia tuliyoifuata sisi: kuiacha ardhi ikiwa moja, na kugawana kazi na mapato yake.

Makaratasi kwanza, baba akiwa hai

Desturi yetu ya Kichagga ilikuwa na akili yake. Mtoto wa kwanza wa kiume alikatiwa eneo lake, kitindamimba akabaki na nyumba ya wazazi na kuwatunza, na wa katikati wakaenda kufungua ardhi mpya. Desturi hiyo ilifanya kazi wakati ardhi mpya ilikuwapo. Leo ukanda wa kahawa umejaa kutoka barabara ya lami hadi mpaka wa msitu, na wa katikati hana pa kwenda isipokuwa mjini, kwa hiyo kugawa kwa mtindo ule ule ni kugawa kitu ambacho hakiongezeki.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatoa mlango ambao familia nyingi hazijaugonga. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuombwa na mtu mmoja, lakini pia inaweza kuombwa na familia kwa pamoja, na ombi hilo hupitia halmashauri ya kijiji. Familia ikiandikwa kwa pamoja, hakuna ndugu anayeweza kuuza pembe yake kimya kimya kwa mtu wa kutoka mbali anayetafuta kiwanja. Sheria hiyo hiyo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi kihalali, kwa hiyo niliposema "wana wanne" hapo juu nilisema kama walivyosema babu zetu. Katika maombi ya leo andikeni na majina ya mabinti. Kwetu dada yetu wa pili ndiye aliyejua kuliko sisi sote lini kahawa imeiva kuvundikwa, na ingekuwa upuuzi jina lake lisiwemo.

Pamoja na hati, baba na mama waandike wosia. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, huandika na kuhifadhi wosia, na mashahidi wa kuaminika hawakosekani kijijini. Wosia wa shamba la kahawa useme mambo ambayo wosia wa kawaida hauyasemi: nani atakuwa msimamizi wa shamba, atalipwa nini kabla ya mgawo, akishindwa atabadilishwa vipi, na ndugu anayetaka kutoka atalipwa kwa miaka mingapi badala ya kukatiwa udongo. Wazee wengi wanaona kuandika wosia ni kujichulia kifo. Usibishane na mzee juu ya hilo. Mwombe akueleze mipaka ya kihamba huku wewe unaandika, kisha mwulize angependa nani ashike kisu cha kupogolea, na kabla ya jua kuzama utakuwa na nusu ya wosia mkononi.

Kukabidhi kisu

Kosa kubwa ni kudhani kwamba urithi wa shamba ni siku moja. Kahawa hujifunzwa kwa misimu, na msimu ni mmoja kwa mwaka, kwa hiyo kijana aliyekabidhiwa shamba baada ya mazishi ana nafasi moja tu ya kukosea kila mwaka. Afadhali mzee akabidhi kazi moja moja akiwa bado anaweza kutembea shambani na kugomba: mwaka wa kwanza palizi na matandazo, wa pili kuchuma na kuchakata, wa tatu kupogoa, na mwisho kabisa fedha. Kupogoa kusiachwe kufundishwa kwa maneno. Baba yangu alinisimamisha mbele ya mbuni mmoja, akanipa mkasi, akakaa juu ya jiwe bila kusema lolote, na kila nilipokata tawi lisilostahili alikohoa. Mpaka nikafika mbuni wa ishirini kikohozi kilikuwa kimepungua.

Jambo la kuelewa katika kupogoa ni kwamba mbuni huzaa kwenye mti mpya. Tawi lililokwisha kuzaa halizai tena mahali pale pale. Matunda husogea kuelekea nchani mwaka hadi mwaka, na shina likizeeka unabaki na ufagio mrefu wenye majani juu na matunda machache ambayo lazima uvute tawi kuyafikia. Dawa yake ni kukata visiki. Shina hukatwa kwa msumeno kwa mshazari, kiasi cha sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, ili maji ya mvua yateremke na yasiozeshe kisiki, na kazi hiyo hufanywa Januari au Februari, mavuno yakiwa yamekwisha na masika hayajaanza. Machipukizi yatatoka mengi. Yakifikia urefu wa kiganja na kuendelea, chagua mawili au matatu yenye nguvu na yaliyokaa mbalimbali kuzunguka kisiki, mengine yaondoe kwa mkono.

Hapa ndipo familia nyingi hurudi nyuma, kwa sababu kisiki kilichokatwa leo hakikupi mavuno ya maana kabla ya msimu wa pili au wa tatu. Anayekata shamba zima kwa mara moja amejifukuza mwenyewe sokoni. Gawa shamba katika sehemu nne na ukate sehemu moja kila mwaka, ili sehemu nyingine ziendelee kulisha nyumba. Mzunguko wa namna hii huendelea hata shamba likipita mkononi mwa mwingine, na ndiyo sababu lazima uandikwe; mwana akiukuta kwenye daftari atajua robo ipi ni ya mwaka wake, naye hatalazimika kubahatisha au kuanza upya.

Mibuni ya zamani na miche mipya

Kahawa ya Arabika ya mlima huu ilianza kupandwa na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu pale Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia mwaka 1925 wakulima wa Kichagga walikuwa na chama chao, ambacho mwaka 1933 kilizaa ushirika wa KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union). Kwa hiyo si ajabu kukuta kihamba kinacholimwa na kizazi cha nne, tena kukiwa na mibuni aliyoipanda babu. Mibuni hiyo, mingi ikiwa ya aina za N39 na KP423, ina ladha inayosifiwa, lakini hushambuliwa vibaya na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa bado mabichi hasa miezi ya baridi na mvua, na kutu ya majani, ambayo huonekana kama unga wa rangi ya machungwa chini ya jani. Kuilinda kunahitaji kunyunyiza dawa ya shaba mara kadhaa kwa msimu, na bei ya dawa inajulikana.

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao yake Lyamungu, imetoa aina chotara zinazostahimili magonjwa yote mawili. Maoni yangu ni kwamba usizing'oe za babu zote kwa ushabiki, wala usizing'ang'anie zote kwa heshima. Acha kipande kimoja cha zamani mahali penye hewa na jua la asubuhi, ambapo chulebuni haina raha, kihesabiwe peke yake na kichakatwe peke yake, na kila mbuni unaokufa kwingineko upandwe chotara. Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi iliyooza, na lifukiwe miezi miwili mitatu kabla ya mvua. Nafasi ya zamani ya futi 9 kwa futi 9 huingiza kama mibuni 537 katika ekari moja isiyo na migomba. Ukiwa na migomba punguza, wala usione umepoteza, kwa sababu majani ya mgomba ndiyo matandazo, kivuli chake hupunguza joto, na ndizi hulisha nyumba miezi ambayo kahawa haina fedha. Miruka na miringaringa mikubwa, miti yetu ya kivuli, iachwe isimame, ikipunguzwa matawi tu.

Siku tatu zinazoamua bei

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo mkulima mdogo anaweza kumshinda mwenye shamba kubwa. Kahawa ya daraja la juu kabisa, ile ambayo waonjaji huipa alama 80 au zaidi kati ya 100, haitengenezwi na udongo wa Kilimanjaro peke yake. Udongo na mwinuko hutoa uwezo. Uchumaji na uchakataji huulinda au huupoteza, na kinachopotea hapo hakirudishwi na mashine yoyote.

Chuma tunda jekundu kabisa, si la njano, si lenye shavu la kijani. Hilo linamaanisha kurudi kwenye mbuni ule ule kila baada ya siku kumi au wiki mbili, kuanzia Julai hadi kuelekea Desemba, na familia ina faida hapa kwa sababu kibarua anayelipwa kwa ndoo hukamua tawi zima. Ukilazimika kuajiri, mlipe kwa siku au umwongezee kwa ndoo iliyo safi. Jioni ile ile yamwage matunda katika pipa la maji. Yanayoelea yametobolewa na mdudu ruhuka au hayakujaa, yatoe na uyaanike kando kama kahawa ya maganda. Yaliyozama yamenye kabla ya kulala. Tunda lililolala katika gunia limeanza kuchacha ndani ya ganda lake, na harufu yake utaikuta kikombeni.

Baada ya kumenya, punje huwa na ulenda, ule utelezi wake. Kuvundika ni kuuacha ulenda huo uachie wenyewe, na muda wake hauna saa moja ya kudumu: kule chini karibu na Moshi mjini saa 18 zinaweza kutosha, na juu kuelekea msituni kwenye baridi ya Julai unaweza kusubiri saa 36 au zaidi. Usitazame saa, tazama punje. Chukua konzi moja, isuuze, isugue kati ya viganja. Zikiteleza bado, ziache. Zikikwaruza na kutoa sauti kama kokoto ndogo, muda umefika. Wengine huchomeka kijiti ndani ya chombo na kukichomoa. Tundu likibaki wazi bila kujifunga, kahawa iko tayari kuoshwa. Dada yangu hufanya yote mawili na bado huinusa. Ukipitisha muda huo, punje hupata uchachu wa siki na baadaye uvundo, na kundi zima linaharibika kwa sababu ya ndoo moja.

Oshea maji safi, badilisha mara tatu au nne, na maji machafu yaelekezwe kwenye shimo, yasirudishwe mferejini ambako jirani wa chini anachota ya kunywa. Maganda mekundu yapeleke kwenye mboji.

Kukausha hufanywa juu ya vichanja vya wavu vilivyoinuliwa hadi usawa wa kiuno, kamwe si juu ya turubai chini. Siku ya kwanza tandaza nyembamba ili maji ya juu yaondoke upesi, toa kwa mkono punje zilizovunjika na zenye madoa, kisha geuza kila mara. Jua la saa sita hadi saa tisa likiwa kali, funika, la sivyo pachimenti hupasuka na punje hubaki tupu mbele ya vumbi. Usiku na wakati wa manyunyu funika pia. Baada ya siku 7 hadi 14 unyevu utakuwa umeshuka hadi asilimia 11 hivi, na usizidi 12. Wazee huuma punje kwa jino, na jino la mzee mzoefu halidanganyi sana, lakini kipima unyevu cha kikundi ni bora, kwani kahawa yenye unyevu ikiota ukungu guniani haina mjadala.

Ghala ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Mwaka wangu wa kwanza kusimamia nilihifadhi magunia juu ya mbao kama nilivyofundishwa, mbali na ukuta, yamekauka sawasawa, nikaweka dumu la mafuta ya taa kwenye kona ile ile kwa sababu stoo nyingine ilikuwa imejaa mahindi. Mwonjaji alifungua sampuli, akainusa kabla hata haijakaangwa, akaifunga. Tuliuza msimu ule wote kwa bei ya chini. Kahawa hunywa harufu: mafuta, mbolea, vitunguu, hata moshi wa jikoni.

Kuuza

Kontena moja la futi 20 hubeba takriban magunia 320 ya kahawa safi, na familia yetu ya mfano ina manne. Njia ya kawaida ni chama cha msingi cha ushirika, ambacho hukusanya, hulipa malipo ya awali, hupeleka kukoboa na kuuza mnadani chini ya Bodi ya Kahawa, kisha hulipa ya pili bei ikijulikana. Ubaya wake ni kwamba kahawa yako iliyochumwa kwa uangalifu huweza kumwagwa pamoja na ya mtu aliyekamua matawi. Familia kumi au ishirini zenye nidhamu moja zinaweza kujiundia kundi ndani ya chama chao, zikaomba kahawa yao ipokelewe, ikobolewe na kuonjwa peke yake, na hapo ndipo mnunuzi wa kahawa maalumu hupata kiasi cha kumtosha na sababu ya kuongeza bei.

Andaeni pia alama za mahali shamba lilipo kwa simu yenye GPS. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kahawa iingiayo huko ithibitishwe kuwa haikutoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kihamba cha miaka themanini hakina shida ya kulithibitisha hilo, mradi kiwe kimepimwa.

Epuka kuuza kahawa ikiwa bado maua kwa mtu mwenye fedha mkononi, jambo ambalo kule Kagera huitwa butura. Ada za shule za Januari ndizo humsukuma mtu huko, kwa hiyo sehemu ya malipo ya Oktoba ifungiwe benki kwa jina la ada na isiguswe hata kwa harusi. Na ninyi wenyewe jifunzeni kuinywa. Vijiji vyetu vimelima kahawa zaidi ya miaka mia huku vikinywa chai, na mkulima asiyeijua ladha ya kahawa yake hana jibu mbele ya anayemwambia ni mbaya. Kaanga konzi moja kwenye sufuria, twanga kinuni, chemsha, onja ya kila kundi.

Mkutano wa Krismasi

Kila Desemba watoto wa mlimani hurudi nyumbani, na kwa bahati nzuri mavuno nayo huwa yamekwisha. Sisi hukutana siku mbili baada ya Krismasi, kabla pombe ya mbege haijaisha na kabla mabasi hayajaanza kujaa. Msimamizi husoma daftari kwa sauti: tarehe ya maua, mvua, kilo zilizochumwa kila siku kwa kila robo ya shamba, dawa, vibarua, malipo ya kwanza na ya pili. Gharama huondolewa kwanza, kisha fungu la miche na samadi za mwaka ujao, kisha ujira wa msimamizi, kwa sababu anayebaki nyumbani na kuamka usiku kufunika vichanja ni mfanyakazi na anastahili mshahara, hata kama ni ndugu na analala bure kwa mama. Kinachobaki hugawanywa sawa kwa wote, mabinti wakiwemo. Miaka mingine mgawo huo ni mdogo kiasi cha kuchekesha, lakini aliyeko Dar es Salaam akishaupokea anauliza maswali juu ya chulebuni, na mwaka unaofuata hutuma fedha za dawa bila kuombwa.

Baada ya hesabu tunatoka wote kwenda kwenye robo inayokatwa mwaka huo. Mibuni itakayofanywa visiki huwekewa alama ya chokaa kwenye shina, mzee akionyesha kwa fimbo, mtu mmoja akipaka, mwingine akiandika idadi. Mwaka huu ilikuwa 74, na aliyeshika kopo la chokaa alikuwa mpwa wangu wa miaka tisa.